Shule Zinafungwa, Wao Wanabaki: Safari ya Leipzig Hadi Krismasi

Nimerudi Machame katikati ya Januari. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari la safari na picha za simu, kwa ajili ya walimu wenzangu wa kwaya walioniomba, na kwa yeyote anayetaka kwenda huko baadaye.

Nafundisha kuimba katika shule ya bweni ya wavulana upande wa Hai. Kwetu shule ikifungwa, tranka zinapandishwa juu ya magari na kabla ya saa nane mchana bweni limebaki na magodoro yaliyokunjwa. Kwaya nayo inakufa siku hiyohiyo, wakati ambapo usharika unaihitaji kuliko mwezi mwingine wowote, maana Desemba ndiyo Wachaga wote wanarudi nyumbani na kanisa linajaa hadi nje. Kila mwaka nimekuwa nikijiuliza wenzetu wa Leipzig, Ujerumani, wanafanyaje. Kwaya ya wavulana ya kanisa la Mtakatifu Thomas, Thomanerchor, imekuwa ikiimba tangu mwaka 1212, na wavulana wake wanaishi bwenini. Leipzig si mji wa mbali kwetu pia. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, na tenzi nyingi tunazoimba Jumapili zilitoka huko.

Mwenyeji wangu alikuwa mchungaji mstaafu aliyewahi kuhudumu Kilimanjaro. Ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko.

Kuhusu viza

Ombeni mapema, miezi mitatu kabla ikiwezekana, kwa sababu nafasi za miadi ubalozini Dar es Salaam zinaisha haraka. Ada ni euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Nilipeleka barua ya mwaliko, bima ya safari, taarifa ya benki, barua ya likizo kutoka kwa mkuu wa shule na tiketi ya kwenda na kurudi. Barua ya mkuu wa shule ndiyo walioisoma kwa muda mrefu zaidi.

Jumanne: Machame hadi KIA

Koti nilikuwa nimelinunua Moshi, soko la Memorial, shilingi 35,000. Lilikuwa zito, la sufi, lenye kofia. Msinunue koti Ulaya. Bei yake huko ingenilipia chakula cha wiki nzima.

Nilishuka na daladala hadi Kwa Sadala, nikaunga gari la Boma Ng'ombe, kisha la njia panda ya KIA. Magari yote ya upande wa pili yalikuwa yanapanda mlima yamejaa watu wa Dar, mabegi, magodoro na keki. Konda aliniuliza, "Mwalimu, watu wanarudi nyumbani, wewe unakwenda wapi?" Nilipomweleza, alikataa nauli yangu. Akasema niwasalimie wanaoimba. Kutoka njia panda hadi uwanja wa ndege nilipanda bodaboda, shilingi 5,000.

Ndege ilipita Addis Ababa. Usiku huo sina la kusimulia.

Jumatano: Frankfurt hadi Leipzig

Tulitua alfajiri. Tiketi ya treni mchungaji alikuwa ameninunulia mapema kwa bei nafuu, euro 34. Tiketi za namna hiyo zimefungwa na treni moja tu, ukiikosa umepoteza. Tulikwenda vizuri hadi Fulda, kisha treni ikasimama. Dakika kumi, ishirini, hamsini. Tangazo lilitoka kwa Kijerumani na abiria wakaanza kupumua kwa nguvu. Nikampigia mchungaji kumwambia nitachelewa.

Nilipokata simu, binti aliyekaa mbele yangu aliinua macho akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilishtuka hadi nikachelewa kuitikia marahaba. Alikuwa anasoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, ambako lugha yetu inafundishwa darasani. Alinieleza kitu ambacho kila msafiri akijue: treni ikitarajiwa kukufikisha kwa kuchelewa zaidi ya dakika 20, kile kifungo cha tiketi ya bei nafuu kinaondolewa, unaruhusiwa kupanda treni nyingine. Akanigawia mkate wake wa jibini na tufaha, akaniombea kwa kondakta karatasi ya kuthibitisha. Mimi nilimpa pakiti moja ya kahawa ya Machame niliyokuwa nimembebea mchungaji. Mchungaji atanisamehe, zilikuwa sita.

Tulipopita Eisenach akanionyesha ngome ya Wartburg juu ya kilima. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, alijificha humo akatafsiri Agano Jipya. Ila mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Miaka mingi kabla ya kujificha ngomeni, Luther alisoma katika mji huohuo akiwa kijana, akapita nyumba kwa nyumba na wenzake wakiimba ili wapewe chakula. Bach naye, mtunzi wa muziki wa kanisa, alizaliwa Eisenach mwaka 1685 na akapita shule hiyohiyo ya Kilatini. Kwa wanafunzi wa nchi ile enzi hizo, kuimba kulikuwa pia njia ya kupata mkate.

Leipzig nilifika saa tisa alasiri na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Stesheni yake ni kubwa mno, imejengwa mwaka 1915, na ndani kuna maduka ya ghorofa. Wekeni akilini maduka hayo, nitayataja tena. Mchungaji alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, kofia mkononi, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Kichaga.

Alhamisi: mjini

Asubuhi ilikuwa nyuzi moja chini ya sifuri. Kutoka stesheni hadi kanisa la Thomas ni mwendo wa robo saa kwa miguu, au tramu namba 9. Tiketi ya safari moja ni kama euro tatu na nusu. Ukipanda zaidi ya mara mbili kwa siku, chukua ya kutwa.

Mbele ya kanisa kuna sanamu ya Bach ya mwaka 1908, na mfuko mmoja wa koti lake umegeuzwa nje, mtupu. Alikuwa mwalimu wa kwaya hii kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na alikaa na familia yake ndani ya jengo la shule, ukuta mmoja na bweni. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1902. Kaburi lake sasa liko ndani ya kanisa, karibu na madhabahu. Mifupa ililetwa baada ya vita kutoka kanisa jingine lililobomolewa kwa mabomu. Kwenye bamba kuna jina tu. Watu huweka maua.

Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria waraka aliowaandikia wakuu wa mji mwaka 1730. Aliwahesabu wavulana wake mmoja mmoja: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Mwalimu yeyote wa kwaya ya shule anaujua mgawanyo huo. Na kwa hao 17 ndiko kulikotoka muziki ule wote.

Chakula cha mchana kilikuwa soseji ya kuchoma ndani ya mkate kwenye soko la Krismasi, euro tano. Inashibisha. Ipo divai ya moto kila kibanda, na kwa asiyekunywa kipo kinywaji cha matunda chenye viungo, nacho moto. Kikombe kina dhamana ya euro kadhaa, ukikirudisha unarudishiwa pesa yako.

Nyota za karatasi zenye miiba mirefu zinaning'inia kila dirisha. Mchungaji alinieleza kuwa zilianzia katika shule ya bweni ya wavulana ya Wamoravian huko Niesky, karne ya 19, kama somo la hesabu. Wamoravian haohao ndio walioanza kazi Rungwe mwaka 1891. Nilinunua moja ndogo kwa ajili ya bweni letu.

Ijumaa: Motette

Motette ni ibada fupi ya muziki, Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri, wakati shule ziko wazi. Hakuna tiketi za kununua mapema. Unanunua kijitabu cha ratiba mlangoni kwa euro chache, na hicho ndicho kiingilio. Fikeni saa nzima kabla. Milango inafunguliwa dakika 45 kabla na watu wanaingia kwa kasi.

Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mama mmoja kutoka Zwickau. Aliona vidole vyangu, akavua glavu zake za juu (alivaa jozi mbili), akanivisha kama mtoto, kisha akanimiminia chai ya chupa. Mwanawe ana miaka kumi na mmoja, anaimba sauti ya kwanza. Kupitia mchungaji nikamuuliza swali langu: mtoto atarudi lini nyumbani? Akasema, "Siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada." Mdogo wake na dada zake wangekuwa wamefunga shule siku kadhaa kabla. Mwaka wa kwanza, alisema, alilia jikoni usiku wa mkesha kwa sababu sahani ilikuwa pungufu. Mwaka huu familia nzima ingekuja kulala Leipzig.

Kwaya huimba kutoka roshani ya nyuma, juu, na kiti changu kilitazama mbele. Niligeuka shingo hadi ikaniuma. Wadogo wamevaa blauzi za mabaharia, za buluu nzito zenye kola pana, na wakubwa ambao sauti zimeshabadilika wamevaa suti. Kwetu sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama. Hapa mistari hiyo yote miwili inabebwa na watoto wa miaka tisa hadi kumi na mitatu hivi, na ya tatu na ya nne na kaka zao wa hadi miaka kumi na minane. Hawasukumi sauti. Hakuna aliyekunja uso. Mstari wa sauti ya pili, ambao kwaya zetu huuacha ukafichwa, ulisikika wazi kama ukuta wa nyumba. Niliandika solfa ya sehemu moja kwenye kijitabu, gizani, na leo nimeisoma tena: iko sahihi.

Siku za katikati

Siku kadhaa zilipita kwa baridi, chai na mazungumzo, naziruka. Ila nilikwenda Paul-List-Straße kwenye nyumba ya misheni. Misheni ilihamia Leipzig kutoka Dresden mwaka 1848. Nilipotaja Machame, mhudumu wa mapokezi alitamka "Kilimanjaro" kabla sijamaliza sentensi, akaniketisha na kuniletea kahawa, ambayo nina hakika ilitoka kwetu.

Kwenye Kasten

Bweni la wavulana liko Hillerstraße, mwendo wa robo saa magharibi ya kanisa, jengo la mwaka 1881 lililokarabatiwa. Wenyewe wanaliita Kasten, yaani sanduku. Aliyenipeleka ni jirani wa mchungaji, mzee aliyekuwa mwimbaji hapo enzi za Ujerumani Mashariki, wakati serikali haikulipenda kanisa lakini iliiacha kwaya iendelee kuimba muziki wa kanisa, kwa kuwa Bach alikuwa fahari ya nchi. Hatukuomba kuingia vyumbani. Watoto hawa si kivutio cha utalii, na ningewaomba wageni wengine wafanye vivyo hivyo. Tulizunguka nje, na mzee akasimulia.

Kilichonifungua macho ni habari ya vyumba. Sisi tunapanga bweni kwa vidato: kidato cha kwanza peke yao, cha nne peke yao, na usiku patroni anazunguka na tochi. Hapa kila chumba cha kuishi, Stube, kina mchanganyiko wa umri, kuanzia wadogo wa miaka tisa au kumi hadi wale wa mwaka wa mwisho. Mkubwa ndiye anayejua kama mdogo amekula, ameandika barua, anaumwa koo. Mzee alisema kipindi cha Majilio ndicho kinachowachosha kuliko vyote: mitihani ya darasani, mazoezi kila siku, maonyesho, ibada, na nyumbani kunaitana. "Wiki hizo," alisema, "hukumtazama mwalimu. Ulimtazama kaka wa chumba chako. Akisimama, unasimama."

Nikamuuliza kuhusu wale ambao sauti inabadilika katikati ya mwaka. Kwetu mvulana huyo huacha kwaya kwa aibu na harudi. Akasema wao hawamwondoi. Anabaki bwenini na anapewa kazi nyingine za kwaya hadi sauti mpya itulie. Yeye mwenyewe alikaa miezi akipanga vitabu vya nota. Alipoeleza hilo aligusa koo lake, mzee wa zaidi ya miaka sabini.

Getini mvulana mdogo alikuwa anavuta sanduku la magurudumu lisilo na kitu, analipeleka ndani. Wanaanza kupakia mapema, mzee alinieleza, wanapakia kidogo kidogo, inawasaidia.

Jioni ya Oratorio

Kila Desemba kwaya inaimba Oratorio ya Krismasi ya Bach pamoja na okestra ya Gewandhaus, katika kanisa hilihili la Thomas, mojawapo ya makanisa mawili ya Leipzig ilimoimbwa mara ya kwanza Krismasi ya mwaka 1734. Tiketi zinauzwa miezi kabla. Zipo za bei ya chini kwa viti visivyoona kwaya, chukueni hizo bila wasiwasi, sauti inafika kila kona. Mchungaji alininunulia ya namna hiyo na akakataa pesa yangu.

Inaanza na ngoma peke yake. Mpiga ngoma anapiga, kimya kidogo, filimbi zinaingia, kisha wavulana wote kwa pamoja. Muziki huo Bach alikuwa ameutunga mwaka uliotangulia kwa siku ya kuzaliwa ya malkia, na maneno yake ya awali yaliziamuru ngoma zilie, ndiyo maana zinatangulia. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa kwa nini sherehe ianze na ngoma.

Lakini utenzi wa kwanza ulinishika zaidi. Maneno yanauliza jinsi ya kumpokea mtoto Yesu, na tuni ni ile tunayoimba Ijumaa Kuu, ya kichwa kilichojaa majeraha. Nilidhani nimesikia vibaya. Mchungaji alinigusa mkono akatikisa kichwa kuthibitisha. Watoto wa miaka kumi waliimba furaha ya Krismasi kwa tuni ya msalaba, polepole, bila mapambo. Nyumbani nitaifundisha hivyo.

Nyuma yangu bibi mmoja alifuatisha kila neno kwa midomo, bila sauti, kwa zaidi ya saa moja.

Mkesha

Tahadhari kwa msafiri: tarehe 24 maduka hufungwa mchana, na tarehe 25 na 26 yamefungwa kabisa. Ndipo yale maduka ya stesheni yanapokusaidia, baadhi huwa wazi. Nunueni mkate na maji mapema. Au kunyweni maji ya bombani, ni safi.

Ibada ya alasiri haina kiingilio na foleni ilikuwa imezunguka kanisa. Mama wa Zwickau aliniona kwa mbali akaniita, akanitambulisha kwa mumewe, binti zake wawili na kijana mdogo, na wakanisogeza katikati yao kwa sababu ya upepo. Wavulana walipoanza kuimba, yule mdogo aliuliza kwa sauti, "Yuko wapi?" Hakuna aliyemkemea. Baba alimpandisha mabegani.

Kwa mchungaji usiku tulikula saladi ya viazi na soseji, chakula cha mkesha cha nyumba nyingi za Saxony, jimbo la Leipzig. Nilitegemea karamu. Walinieleza kuwa karamu ni kesho, bata bukini na matonge ya viazi. Kisha Stollen, mkate mtamu wenye zabibu uliofunikwa sukari nyeupe. Wakati huo wavulana walikuwa Kasten, pamoja.

Krismasi

Ibada ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Waliimba vizuri, ingawa sikio la mwalimu lilisikia uchovu kwenye sauti ya kwanza. Baadaye niliwaona wazazi wakisubiri kwenye magari, na watoto wakitoka na mabegi ya nguo chafu. Kaka mmoja mrefu wa suti alikuwa amebeba sanduku la mtoto wa blauzi, akamkabidhi kwa mama yake, akapeana naye mkono, akarudi ndani kumchukua mwingine. Nilihesabu watatu kabla hajaondoka mwenyewe.

Gharama na kurudi

Nauli ya ndege ndiyo kubwa, shilingi 2,750,000 kwenda na kurudi, kwa sababu ya Desemba. Anayeweza aende Novemba mwishoni au mwezi wa sita. Treni zote mbili, tramu, chakula cha nje na vijitabu havikuzidi euro 210, kwa kuwa nililala na kula kwa mwenyeji. Zawadi bora ya kubeba ni kahawa. Safari ya kurudi ilikuwa shwari.

Nilimpelekea mkuu wa shule mapendekezo mawili, tukakaa nayo jioni nzima. La kwanza, kwaya ibaki shuleni hadi Krismasi na wazazi waje ibadani kuwachukua. Hilo ameliweka kiporo: chakula cha wiki mbili hakimo kwenye bajeti, na wazazi wa Dar na Mwanza itabidi waulizwe. La pili, bweni moja lichanganywe vidato, kaka wawili wa kidato cha nne kwa kila wadogo sita. Hilo amekubali. Patroni hakufurahi, ana hofu ya wakubwa kuwaonea wadogo, na hofu yake ina msingi, kwa hiyo tumekubaliana kuwachagua kaka hao kwa majina na kukutana nao kila Jumapili. Wavulana wanaripoti Jumatatu. Orodha ya vitanda ninayo, na jina la kwanza niliyeandika kati ya makaka ni yule aliyeacha kwaya mwaka jana sauti yake ilipobadilika.